Mawe Hayatembei, Alisema Mkuu

Nianze na hili ili tusipotezeane muda: mume wangu hakukosea kipimo. Ukienda ofisi ya upimaji ardhi ukaomba faili lake utakuta limeandikwa vizuri, kwa wino mweusi, kwamba alikosea, na chini kuna sahihi. Sahihi ni yake kweli. Yaliyoandikwa juu ya sahihi ni uongo mtupu, na mimi siwezi kuacha jina la mume wangu lioze kwenye kabati la chuma wakati niko hai na nina mdomo.

Mdomo ninao, wala sikatai. Mtaani kwetu wanasema fundi cherehani wa nyumba ya kona akianza kusema hata redio hujizima. Sawa, wazime redio zao.

Mume wangu alikuwa mvuta tepu. Mpimaji mwenyewe husimama na chombo chake cha miguu mitatu, amevaa kofia, anaandika. Mvuta tepu ndiye anayepita kwenye miba na matope akiburuta tepu ya chuma, anaingia kwenye mtaro, anafukuzwa na mbwa, na akirudi ofisini anaambiwa asikanyage zulia. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na moja. Wenzake walimwita Rudia, kwa sababu kila kipimo kikishasomwa yeye husema, "Turudie." Jua linachoma, watu wana njaa, yeye, "Turudie." Hata siku nilipokubali posa yake aliniangalia akasema, "Hebu sema tena." Nikamwambia, we vipi, nimeshasema. Hakuondoka mpaka nikasema tena.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana hapo ndipo shetani alipoingilia. Tepu ya chuma ikitumika sana hulegea. Utajuaje kama bado inasema kweli? Unailaza juu ya umbali unaoujua. Kwa hiyo ofisi ilisimika mawe mawili ya zege, moja nyuma ya hospitali, jingine ng'ambo ya kiwanja kitupu, karibu na tanuri la matofali. Mume wangu mwenyewe alibeba mchanga wa zege hilo. Wakapima siku nne mfululizo, wakachonga kwenye kila jiwe: 250. Mita mia mbili na hamsini. Kila mwaka kiangazi kikianza, tepu ya mita hamsini inalazwa mara tano kutoka jiwe hadi jiwe. Ikitoa 250, ni nzima. Isipotoa, kuna kosa. Na ofisi iliamua kazi hiyo iwe ya Rudia, kwa sababu hakuna mwingine mwenye subira ya kijinga kama ile.

Aliifanya kama ibada. Chuma kikipata joto hurefuka, kwa hiyo alikwenda asubuhi kabla jua halijashika, na kipimajoto kidogo amekifunga kwenye tepu. Tepu usipoivuta vya kutosha hulala tumbo kama kamba ya kuanikia nguo, kipimo kikaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Ukiivuta kupita kiasi inanyumbuka, kipimo kikapungua. Kwa hiyo mwisho wa tepu alitia mizani ya kuvutia, ile yenye springi, akavuta kilo zilezile kila mwaka, asizidishe wala asipunguze.

Mwaka wa kwanza baada ya mawe kusimikwa alipata 250 na milimita tano. Akarudia. Milimita tano. Mwaka wa pili, sentimita moja. Wa tatu, moja na nusu. Akapeleka kwa karani wa rejesta, na karani akaandika nini? 250 kamili. Ile ziada akaiandika kwenye safu ya pembeni iliyokuwa na kichwa kimoja tu tangu ofisi ianze: Kosa la mpimaji.

"Mbona hukuandika nilichosoma?" mume wangu alimuuliza.

"Kwani jiwe limesemaje?"

"Jiwe limeandikwa 250."

"Basi jiwe limesema," karani akajibu, akapiga muhuri.

Jamani! Mimi nashona nguo. Mteja akija baada ya mwaka kiuno kimezidi inchi mbili, nitamwambia daftari langu limesema, kwa hiyo kosa ni la tepu? Si atanichapa makofi na gauni lenyewe?

Lakini ndivyo walivyofanya, mwaka baada ya mwaka. Kwanza walisema tepu imefupika. Mume wangu akasema ameona chuma kikilegea na ameona chuma kikikatika, ila hajaona chuma kinachorudi utotoni. Wakacheka, wakaagiza tepu mpya. Tepu mpya nayo ikasoma zaidi. Ndipo mkuu wa ofisi, mtu mwenye shingo fupi na sauti ndefu, akapata maelezo yaliyowafurahisha wote: tepu haina shida, mvutaji ndiye amechoka. Mkono wake unapungua nguvu, tepu inalala tumbo, kipimo kinazidi. Na kwa kuwa anazeeka kila mwaka, kosa nalo linakua kila mwaka. Hesabu ikakaa sawa kabisa.

Tusi lile lilimuingia. Nyumbani alianza kunyanyua vitu bila sababu. Mara namkuta uani ameshika ndoo mbili za maji, amesimama tu, mikono imenyooka, anahesabu kimoyomoyo. Nikimuuliza anasema anaangalia kama ndoo zinavuja. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kumwonea huruma. Gunia la mkaa nikawa namwomba jirani anibebee. Mashine yangu ya kushonea ilipotakiwa kuhamishwa dirishani, nilingoja mpaka atoke, nikaisukuma mwenyewe na binti yetu.

Binti yetu ni mkunga, na ndiye aliyemfungua baba yake macho bila kujua. Siku moja alikuwa akinung'unika mezani kwamba bomba la maji la hospitali limepasuka tena, mahali palepale, na wameoga kwa vikombe.

"Palepale wapi?" baba yake akauliza.

"Nyuma ya jengo la dawa, Baba. Kila mwaka. Fundi bomba anasema lile bomba lina laana."

Mume wangu aliacha mkate wake, akaenda kumtafuta fundi bomba. Wakazunguka pamoja siku nzima. Bomba lilikuwa halipasuki, lilikuwa linachomoka kwenye kiungo, kama mtu amelivuta pande mbili. Hatua arobaini kutoka hapo, ukuta wa hospitali ulikuwa na ufa ambao ulizibwa kwa simenti kila mwaka, viraka juu ya viraka. Mbele yake, ukingo wa barabara ulikuwa umeachana, mtu anaweza kuingiza mkono. Akachora vitu vitatu kwenye karatasi, akaweka rula. Vyote vilikaa kwenye mstari mmoja, na mstari ule ulipita katikati ya mawe yake mawili.

Alirudi nyumbani uso unang'aa kama aliyeposa upya. Akaniita, "Mama watoto, njoo uone." Nilikuwa nachemsha maziwa. Akaniambia niangalie ile ngozi inayotanda juu ya maziwa yakianza kupoa, kisha nirudishe moto kidogo. Maziwa yakazunguka chini, ngozi ikajikunja huku, ikaachana kule.

"Hiyo ndiyo ardhi tunayokanyaga," akasema. "Ganda. Limevunjika mabamba mabamba, na chini yake mwamba una moto na unasogea polepole. Bamba moja linakwenda huku, jingine huko. Hutalisikia, maana linakwenda polepole kama ukucha unavyoota, na penye mwendo mdogo hata ukucha unalishinda. Kwetu ni milimita tano kwa mwaka. Mawe yanaachana, mke wangu. Mimi nimekuwa nikipima kitu kinachotembea."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema aliyasoma kwenye kitabu cha jiografia cha binti yetu, cha shule, kilichokuwa kimewekwa chini ya mguu wa kabati ili lisiyumbe. Watu wa ofisi nzima ya upimaji walipita darasa lilelile, wakafanya mtihani uleule, wakafaulu, halafu wakasahau.

Angeweza kunyamaza. Lakini wakati huohuo hospitali ilitangaza kwamba kile kiwanja kitupu kinajengwa wodi mpya ya wazazi. Mume wangu akaenda kuona misingi inakochimbwa, akaweka rula yake tena. Mstari ulipita chini ya sakafu, kona hadi kona. Akaandika barua kwa mkuu wake, ukurasa mmoja, na vipimo vya miaka kumi na tisa: kutoka 250 kamili mpaka 250 na sentimita tisa na nusu. Akaomba wodi isogezwe upande wa tanuri. Hakuomba kingine.

Mkuu akamwita mbele ya wafanyakazi wote. Yaliyosemwa nimeyasikia kwa watu watatu tofauti, na wote wamesema sawasawa.

"Rudia, umri wako unakudanganya. Mawe hayatembei."

"Mkuu, dunia yenyewe inatembea. Inajizungusha hapa tulipo, na inalizunguka jua kilomita thelathini kila sekunde. Tangu uliponikemea tumeshakwenda mbali."

Watu wakacheka, na hilo ndilo kosa lake, maana mkubwa akichekwa hasamehi. Mkuu akaamuru twendeni kwenye mawe sasa hivi. Saa sita mchana! Chuma kinaunguza vidole! Akachagua wanaume wawili wenye vifua vipana, akawaambia wavute. Wakavuta. 250 na sentimita nane, maana jua lilishairefusha tepu na kula sehemu ya tofauti. "Vuteni!" Wakavuta. Mume wangu akasema, "Jamani, mizani imepita alama." Mkuu akasema mizani ni ya zamani kama mwenyewe. "Vuteni kama wanaume!" Wakavuta mpaka mshale wa mizani ukagota mwisho, tepu ikalia kama waya wa gitaa, na kila ilipolazwa wakavuta hivyohivyo. Mwishowe karani akainama, akasoma, akanyanyua mikono juu. 250 kamili!

Wakampigia makofi mkuu. Haki ya Mungu, walipiga makofi. Wamenyumbua tepu mpaka ikasema walichotaka, kisha wakaishangilia kwa kusema kweli.

Kesho yake akaletewa barua ya kutia sahihi. Ilisema kwamba yeye, mvuta tepu, anakiri vipimo vyake vya miaka kumi na tisa vilikuwa na makosa kwa sababu ya udhaifu wa mkono, anaiondoa barua yake kuhusu wodi, na anaomba apumzishwe kazi kwa heshima. Kwa heshima! Asipotia sahihi atafukuzwa kama mzushi aliyetia watu hofu.

Aliileta nyumbani. Siku tatu ilikaa juu ya meza, hakuigusa. Akasema hawezi, wodi itajengwa juu ya ufa na karatasi hii ndiyo itakayoijenga. Na mimi nilisemaje? Mimi ninayesemwa kwa mdomo mtaa mzima? Nilisema, "Funika kombe mwanaharamu apite. Utapigana na serikali kwa kipimajoto? Umechoka, baba watoto. Tia sahihi ukae nyumbani." Akaniangalia sana. Nikaenda nikachukua kalamu yangu ya kuandikia vipimo vya wateja, nikamwekea mkononi.

Akatia sahihi. Hakurudia.

Wodi ikajengwa, nzuri, rangi ya maziwa, vitanda ishirini. Binti yetu akahamishiwa humo. Miezi sita tu, mlango wa kati ukakataa kufunga. Seremala akaukwangua. Mwezi wa tisa sakafu ikaota ufa mwembamba kona hadi kona, wakauziba, wakatandika zulia la plastiki. Binti yetu hakusema kitu kwa mkubwa wake. Aliingia zamu, akasukuma vitanda vyote kwenye kuta mbili za mbali, akaacha ukanda mtupu katikati. Mkubwa wake akamgombeza kwamba wodi inaonekana kama ukumbi wa harusi. Akavirudisha mbele yake, na alipotoka akavisukuma tena. Kila siku iliyokuwa zamu yake ilikuwa hivyo, wazazi wenyewe wakawa wanamsaidia kusukuma.

Tetemeko lilikuja saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Dogo tu. Kwangu vikombe viligongana kabatini na mkasi ukaanguka. Wodini sakafu ilifunguka kwenye ule ufa, ukuta ukaachana na paa, boriti ikashuka katikati pamoja na saruji yake yote. Ikaangukia ukanda mtupu. Kulikuwa na wanawake kumi na sita humo ndani na watoto wachanga tisa, na wote wakatoka wakiwa wazima, wameoga vumbi. Ingekuwa zamu ya mtu mwingine, sijui ningekuwa nasimulia nini hapa.

Mnadhani walikuja kumwomba radhi? Walikuja kumnasa kwa sahihi yake mwenyewe. Tume ya uchunguzi ilipokaa, mkuu alitoa ile barua, akaisoma kwa sauti yake ndefu: mvuta tepu mwenyewe alikiri kwamba vipimo vyake vina makosa, ofisi ingefanyaje? Kwa hiyo mkono uliokuwa dhaifu ndio uliobeba jengo zima. Nilisimama nikaanza kusema, wakanitoa nje, askari wawili, mmoja kila kwapa.

Kisha wakaja wataalamu wa miamba kutoka mbali, mama mmoja na vijana wake, na vyombo vinavyosikiliza setilaiti. Wakaviweka juu ya mawe yale mawili, wakangoja siku mbili. Wakapata 250 na sentimita kumi na mbili na nusu, na huo mruko wa sentimita mbili, yule mama akasema, ni wa siku ya tetemeko. Toa mbili, gawanya iliyobaki kwa miaka ishirini na moja. Milimita tano kwa mwaka. Akaomba kuona vipimo vyovyote vya zamani. Karani akafungua ile safu ya Kosa la mpimaji, mistari yote kumi na tisa, na yule mama, wanasema, aliipitia mstari kwa mstari, akauliza, "Nani alipima hivi kwa tepu ya mkono?"

Mkuu akavuta pumzi. Akajibu, "Ofisi yetu imekuwa ikifuatilia mwendo huu kwa miaka mingi."

Ikaandikwa hivyo. Imechapishwa kwenye ripoti, nimeiona kwa macho yangu: Vipimo vya ofisi. Jina la mume wangu halimo popote katika ripoti nzima isipokuwa kwenye kiambatisho cha nne, na kiambatisho cha nne ni ile barua ya kukiri. Vipimo vyake ni sahihi, kwa hiyo ni vyao. Kosa walilomtungia, hilo ni lake. Nyani haoni kundule, lakini huyu kundule ameliona, akamvisha mwenzake!

Siku nilipoisoma ripoti hiyo nilifika nyumbani nikiwa sioni mbele. Mume wangu alikuwa uani anarekebisha kiti. Nikatupa karatasi mezani, nikamtukana mkuu, nikamtukana karani, nikawatukana wale wawili wenye vifua vipana na waliowazaa. Nikasema kesho nakwenda kumvua mkuu koti mbele ya watu wake. Nikasema watu gani hawa, mtu wamemwona miaka thelathini anapima na kurudia, halafu wanakubali kwa siku moja kwamba mkono wake umeoza?

Aliniacha nikamaliza. Kisha akaweka nyundo chini.

"Mkuu simshangai," akasema. "Hajawahi kuketi meza moja na mimi. Nilitaka kukuuliza wewe. Siku ile uliponiletea kalamu, uliamini nimekosea?"

Nikatafuta njia ya kulizunguka swali lake, nikaona hakuna.

"Niliamini," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaokota nyundo, akaendelea na kiti chake.

Faili lililoko kwa mkuu nitalipigania mpaka wanizike. Hili langu sijui nalipeleka ofisi gani.